Jicho la Akiba

Mama anayeponda kokoto kando ya barabara, hapa Same mlima unapoishia, hupiga nyundo akiwa amefumba jicho moja. Hulishika jiwe kwa pete aliyokata kwenye tairi kuukuu. Nyundo ikishuka, jicho la kushoto linajifumba, ikipanda linafumbuka. Chini ya lile la kulia ana makovu madogo ya vipande vilivyoruka. Mimi ninayesomba kokoto zake kwa guta niliwahi kumuuliza kwa nini asifumbe yote mawili. "Nitaponda vidole, baba," akajibu. "La kulia ni la kazi. La kushoto nalitunza, la kusomea nyimbo kanisani."

Wiki iliyopita binti yake, Asteria, alimletea miwani ya kazi, ile mipana ya plastiki inayofunika hadi pembeni. Mama akakaza mkanda wake juu ya kilemba, akapiga. Kipande kikagonga miwani, ta! kikamwangukia mapajani. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Alipoendelea nikachungulia: nyuma ya plastiki, jicho la kushoto lilikuwa bado linajifumba.

"Mama, sasa fumbua yote," nikamwambia.

"Nimeliambia tangu asubuhi," akasema, akiokota jiwe jingine. "Bado haliamini."