Sura ya Tatu Juu ya Mtini

Mwaka nilioanza kuandika riwaya yangu ya kwanza ya watoto ndio mwaka mitini yangu ilipozaa kwa mara ya kwanza, na kwa mama yangu mambo hayo mawili yalikuwa ugonjwa mmoja.

Nafundisha darasa la nne hapa Ngao. Vijiti vya mtini nilipewa na mwalimu mwenzangu wa Garsen, nikavichomeka kwenye ndoo zilizopasuka nyuma ya jiko. Mama aliviangalia, kisha akaangalia upande wa mto.

"Mikuyu imejaa kule bure, hata nyani wameichoka. Wewe unaimwagilia kwenye ndoo?"

"Hii si mikuyu, mama. Ni mitini."

"Ndugu yake."

Jirani mmoja, mtu wa kanisa, aliniuliza kwa nini nafuga mti uliolaaniwa na Yesu. Jirani wa pili, Mwislamu, akamjibu kwamba mti huu Mwenyezi Mungu ameuapia. Nikawaacha wamalizane. Walimalizana kwa kukubaliana kwamba matunda yakiiva, wote wawili wataonja.

Kila jioni nilimsomea mama nilichoandika. Hakwenda shule, lakini masikio yake hayasamehe. Sura ya kwanza, msichana wangu alipotoka kwenda shule, aliuliza, "Ametoka bila kula?" Nikaongeza uji. Sura ya pili akauliza nani amebaki kuamia ndege shambani. Nikaongeza shangazi. Sura ya tatu akatokea kiboko mpole mwenye kofia, akambeba msichana mgongoni kumvusha mto. Mama akasimama.

"Kiboko alimaliza mpunga wangu, shamba zima, siku mbili kabla sijavuna. Leo mwanangu wa kumzaa anamvisha kofia!"

Wiki nzima hakutaka kusomewa.

Wakati huohuo tini zilianza kunenepa, na ndege wakazijua. Siku moja nilirudi kutoka shule nikaitafuta sura ya tatu ili niirekebishe. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono kwenye fulskepu na sikuwa na nakala nyingine. Nilitafuta chini ya godoro, kwenye kabati la vyombo, hata ndani ya pipa la unga. Nikatoka nje kumuuliza mama, nikaiona. Kila tini ilikuwa imevaa kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa gunia.

"Ndege walikuwa wanakumalizia," mama alisema. "Nimekuokolea."

"Mama, hayo ni maandishi yangu!"

"Si yote. Nilichagua ya kiboko."

"Umejuaje, na wewe husomi?"

"Umemchora pembeni. Ana kofia."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Nilinyoosha mkono nifungue karatasi ya kwanza, mama akaupiga kofi. Nikifungua, ndege watakula. Basi nilichukua daftari nikaanza kuzunguka ndoo, shingo nimeipinda kama kuku anayechungulia mwewe, nikinakili sura yangu tunda kwa tunda. Sentensi ilianzia ndoo ya kwanza ikamalizikia ya nne. Mama alinishikia matawi, akinung'unika. Nilipofika kwenye kipande ambacho maji na utomvu vilikuwa vimefuta wino wote, nikajiuliza kwa sauti, "Sasa hapa kiboko alifanya nini?"

"Alikula mpunga," mama alisema. "Angefanya nini kingine?"

Kisha, bado ameshika tawi, akanisimulia. Asubuhi ile alikuwa anakoroga uji aliposikia kelele shambani. Alikimbia, akamkuta kiboko katikati ya mpunga, akamtukana kwa Kipokomo matusi yote aliyorithi kwa bibi yake. Kiboko akageuka akaelekea mtoni, mama nyuma yake, hadi maji yakamfika magotini. Hapo ndipo alipotazama mkononi akaona silaha yake ni mwiko.

"Ukafanyaje?"

"Nilirudi. Uji ulikuwa unaungua."

Nilijua tulipoteza mpunga mwaka ule. Nakumbuka tulivyokula samaki mtupu mpaka tukamchukia. Habari ya mwiko sikuwahi kuisikia, na niliona haya kwamba nimempa kofia mnyama aliyemlaza mama yangu njaa. Niliiandika palepale, nimesimama, mwiko nikampa bibi ya msichana wangu. Kofia nikaifuta.

Tini zilipoiva tulikuwa nazo kumi na moja. Majirani wote wawili walikuja, kila mmoja na dua yake. Mama alitafuna moja taratibu, akatema ganda.

"Ni kuyu," alisema, "ila hii imesoma."

Riwaya niliimaliza, nikaipeleka Garsen kuchapwa, nikaituma kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Alijibu kwa adabu kwamba kisa ni kizuri, ila bibi mwenye mwiko haaminiki, nimpunguze. Nilimsomea mama barua hiyo. Alifikiri kidogo, akauliza kama huyo mtu amewahi kulima mpunga. Nikasema sidhani.

"Basi mwambie aje."

Nimeandika hivyo hivyo, kwa lugha ya adabu kidogo. Bado hajajibu.