Ubeti wa Mizani Saba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nisipoiita. Jua la alasiri lilikuwa limeukalia uwanja wa Changamwe, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa yaliyosimama kando ya reli. Nami nimesimama na tari, ile ngoma ndogo ya mkononi, nikamsikia karani wa polisi akisoma kwa sauti maneno ambayo nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani. Hata leo, nikikusimulia, nywele za mikono zinasimama.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Skuli niliiacha darasa la nne, nikawa mtu wa kuzurura: mwezi huu nachukua mizigo Likoni, mwezi ujao naosha vyombo hotelini Shanzu, na kila penye watu wengi nataka kujua pana nini. Udadisi huo ndio ulionifikisha kwenye kikundi cha taarabu cha Ami Salimu, fundi wa stovu pale Changamwe, mtunzi na mwimbaji.

Tari alinifundisha nikaijua. Kutunga kulinishinda. Kila kipande cha mstari, alisema, kiwe na mizani nane, yaani mapigo manane ya ulimi. Mimi nilimpelekea vya saba, vya tisa, naye hunirudishia akicheka: "Huu una mguu mmoja mfupi, kijana. Nenda kaurefushe." Mwenyewe alikuwa radhi shughuli ya watu ivunjike kuliko aimbe mstari uliopungua.

Basi yakaja mashindano makubwa ya mpira: Uganda, Tanganyika, Unguja na sisi. Wageni wangekaribishwa kwa muziki pale Changamwe. Serikali iliingiwa na hofu, maana watu wa magazeti wangekuwepo, ikaamuru kila kikundi kipeleke maneno ya nyimbo zake yasomwe kwanza. Ami Salimu alipeleka wimbo wa kukaribisha wageni, msafi kama kanzu ya Idi. Akapewa cheti cha ruhusa.

Siku chache kabla, mkahawani, mtu mmoja mwenye daftari akaniagizia chai na mahamri. Alisema anaandika habari za mpira gazetini. Tukazungumza, tukacheka, kisha akanitazama kwa dharau kidogo.

"Wimbo wa karibuni-karibuni tu? Watu wa Mombasa siku hizi mmepoa hivyo?"

Mwanangu, maneno yale yalinichoma. Nikamwimbia ubeti wangu mwenyewe, ambao hata Ami Salimu sijamwonyesha, nikamdanganya kwamba ndio tutakaofungia wimbo:

Wageni mnaokuja, mcheze kisha mwende,
Na wale waliokuja, nao safari wapende.

Hao waliokuja ni Waingereza, nani asingejua? Akaandika yote. Akaniagizia chai ya pili.

Sasa turudi uwanjani. Kabla nyuzi za udi hazijalia, afisa wa Kizungu alitujia na karani wake, na nyuma yao yule mtu wangu wa chai, daftari kwapani. Karani akausoma ubeti, akauliza, "Nani aliyetunga haya?"

Wenzangu walitazamana. Masikio yao yalikwisha kusikia kwamba mstari wa kwanza unachechemea, na "kuja" limetumika mara mbili.

"Wallahi huu si wa kwetu," mpiga fidla akanong'ona.

Nilitaka kusema, lakini nikainamia tari yangu. Ami Salimu akanitupia jicho mara moja tu, akalaza udi juu ya mkeka.

"Mimi."

"Ami!" Mpiga fidla alisahau hata polisi. "Una saba huo!"

"Nimesema ni wangu. Siku hiyo nilichoka."

Cheti kilichanwa mbele yetu. Wakampitisha mbele ya wachezaji wa Uganda, waliokuwa wamejipanga wakingoja kuimbiwa, wasijue kuna nini. Sisi tulibaki na ala zetu mikononi kama watu waliofiwa.

Alikaa ndani siku kumi na moja. Alipotoka alikuwa amepigwa marufuku kuimba penye hadhara. Nilimfuata kibandani kwake, akisafisha stovu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole: mcheze kisha mwende. "Saba, ami."

"Saba. Na Changamwe yote sasa inajua kwamba Salimu hutunga saba." Akacheka, mimi nikalia. Nikamwuliza kwa nini alijitwika.

"Mimi nina mke, nina jirani, nina msikiti watakaouliza niko wapi. Wewe huna hata pa kulala panapojulikana. Wangekupeleka wapi, na nani angekuulizia?" Akapuliza vumbi kwenye stovu. "Hilo nimelisamehe. Lakini mtu usiyemjua ulimwambia yote, na sisi unaotujua hukutuambia neno. Hata siku tatu kabla, ungesema tu, 'Ami, nimeropoka.' Tungejua la kufanya."

Alinyamaza mpaka uhuru. Wiki ile ya sherehe, uwanja uleule, aliimba wimbo wake wa wageni, na mwishoni akaongeza ubeti wangu. Nilidhani ameurekebisha. Hakuubadilisha hata herufi. Alipofika "mwende", pale penye upungufu, akanyamaza akanigeukia, na watu wote wakanigeukia. Nikaelewa. Nikapiga tari pigo moja, la nane. Mpiga fidla akashika kichwa: "Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi," nikasema, mbele ya Changamwe nzima.

Mwanangu, kuwa mdadisi, zurura, uliza, hayo sikukatazi. Lakini sifa zisikufungue kinywa mbele ya mtu usiyejua anakokwenda akiondoka. Na ukikosea, kimbilia kwa watu wako siku ileile, kabla mwingine hajalipa kwa jina lake. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujaalie watu watakaouliza uko wapi usipoonekana. Amina.