Pua ya Tela Isiinuke kwa Kidole

Kaka yake alimwangushia jumba bovu. Tela alilolisawazisha kaka lilipinduka barabarani, naye akasimama kwenye geti la karakana, mbele ya wateja na majirani, akatangaza kwamba mchomeleaji ndiye aliyeharibu. Mchomeleaji alikuwa dada yake wa tumbo moja, yule ambaye watu humwita Mama Cheche.

Mama Cheche hakuwahi kukaa darasani. Baba yao ndiye aliyemfundisha kuchomelea, kwa sababu kaka alikuwa akiuogopa moto. Karakana ilikuwa ya mikokoteni. Mkokoteni mzuri mpini wake haumlemei mtu: mzigo wote unakaa juu ya magurudumu, mvutaji anabaki na kazi ya kuvuta tu. Hiyo ndiyo elimu waliyoachiwa, na walikula kwayo miaka mingi.

Siku moja dereva mmoja wa magari ya mizigo akaagiza kitu kipya. Alitaka tela dogo lenye kibanda juu yake, kitanda ndani na jiko nyuma, alifunge kwenye gari lake na kwenda na mkewe kulala porini wakati wa likizo. Mama Cheche alichomelea fremu. Kaka akapanga ekseli katikati kabisa, kama ya mkokoteni, kisha akaita watu waje watazame. Akaiinua pua ya tela, pale linapofungwa kwenye gari, kwa kidole kimoja.

"Mnaona? Kidole!"

"Kaka," Mama Cheche alisema, "kwani hilo litavutwa na mtu?"

"Wewe choma chuma. Mizani niachie mimi."

Akaichoma ekseli pale alipoambiwa. Kwenye mteremko wa kwanza mkia wa tela ukaanza kuyumba huku na huku kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake, ukamshinda dereva, wote wakaishia mtaroni. Dereva alitoka na bega lililoteguka. Kaka akatoka na maneno yake ya getini. "Dada yangu amezeeka, mkono unamtetemeka," ndivyo alivyosema, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa Mama Cheche chuma cha maana. Akabaki uani kwake na vigoda na vibanda vya kuku, akimeza uchungu kama dawa isiyo na sukari.

Ila hakukaa bure. Kila alipopata nafasi alikwenda kituo cha mafuta, akawaomba madereva wenye matela wamruhusu ayainue kidogo mbele. Wakamcheka. "Mama, unataka kutuibia au unafanya mazoezi?" Akacheka nao, akainua. Hakukuwa na hata moja lililoinuka kwa kidole. Yote yalimvuta mgongo.

Ndipo yule dereva alipofika uani na mabaki ya tela juu ya lori, mkewe pembeni.

"Mama Cheche, nimekuletea mgonjwa."

"Mgonjwa au maiti?"

"Utajua wewe. Nilitaka kuliuza kama chuma chakavu. Nikatazama: vyuma vimepinda, lakini viungo ulivyochomelea wewe havijaachia hata kimoja. Nikajiuliza, sasa kilichonipindua ni nini?"

Mama Cheche alipitisha kidole juu ya viungo vyake, kimoja baada ya kingine. 

"Kilichokupindua ni pua nyepesi," akasema. "Pua isipolilemea gari, mkia unacheza."

"Mimi nitalala humo," mke wa dereva alisema, "lakini kupanda gari linalolivuta, mnisamehe."

Mama Cheche alijua lililo mbele yake. Tela hili likiyumba tena, maneno ya getini yatakuwa kweli, naye hatashika tena chuma cha mtu.

Alikata vyuma vilivyopinda, akaunga vipya, akaipima fremu kwa kamba kutoka pembe hadi pembe mpaka ikanyooka. Lakini ekseli hakuigusa.

"Mbona huchomelei magurudumu?" dereva akauliza.

"Leteni kwanza vitu vyenu. Vyote. Godoro, jiko, maji, hata sufuria."

"Sufuria nazo?"

"Mkeo ataziacha nyumbani?"

"Thubutu!" mke akajibu.

Kibanda kikafungwa juu ya fremu, vitu vikapangwa, maji yakajazwa. Mama Cheche aliingiza bomba nene chini ya fremu, akawa analisogeza nyuma na mbele mpaka tela likakaa juu yake bila kulalia upande wowote. Kaka angeweka ekseli hapohapo. Yeye akapiga alama ya chaki, kisha akaiweka ekseli kiganja na zaidi nyuma ya alama, akaishika kwa boliti tu. Tela zima, kwa makisio yake, lilikuwa na uzito wa mifuko kumi ya saruji. Alitaka pua peke yake ilemee kama mfuko mmoja na kidogo juu. Wakaiinua pua, na dereva, ambaye mifuko ya saruji amebeba maisha yake yote, akatikisa kichwa.

"Bado. Hii ni nusu mfuko."

Mama Cheche akafungua mlango wa nyuma. Dumu la maji lilikuwa limesukumwa hadi mwisho, karibu na jiko.

"Nani kahamisha maji?"

"Mimi," mke akasema. "Mpishi anataka maji karibu."

"Dada yangu, utatembea hatua mbili au utalala mtaroni?"

Maji yakarudi mbele ya ekseli, gurudumu la akiba likafungwa juu ya pua. Dereva akainua tena, akaguna. "Huu sasa ni mfuko na kidogo juu." Ndipo Mama Cheche akakaza boliti na kuwasha moto.

Walilipeleka kwenye mteremko uleule. Mama Cheche alisimama juu, mikono kifuani, hana hali. Gari likashuka polepole, likaongeza mwendo, likazidi kuongeza. Tela lilifuata nyuma, limenyooka, limetulia. Waliporudi, aliyekuwa kiti cha mbele, dirisha wazi, anapunga kitambaa, ni mke wa dereva.

Tangu hapo uani hapakauki wateja. Juzi wifi yake alikuja, akakaa jikoni.

"Kaka yako anasema umefanya vizuri. Anasema urudi karakana."

"Kakutuma?"

"Kanituma. Anaona haya."

"Wifi, wewe sina ugomvi nawe, kunywa chai yako. Lakini mwambie, alinivua nguo getini mbele ya watu, asije kunivisha jikoni kwa mkono wa mkewe. Chuma ninacho, kazi ninayo. Anachonidai mimi ni salamu, nampa kila tukikutana. Ninachomdai mimi ni maneno machache: 'Viungo vya dada yangu havikuachia, ekseli niliipanga mimi.' Ayasemee palepale getini, watu wakiwepo."

Kaka bado hajayasema.