Mgongo wa Dada

Harufu ya gunia la katani lililoloa hunirudisha kwenye kilima cha Bashay. Asubuhi za ukungu dada alinibeba mgongoni, akanifunika gunia, akakimbia hadi juu. Baba, kiongozi wa vijana waliojitolea kubeba wagonjwa kwa machela, alikuwa amemwambia, "Fanya mazoezi, nitakuchukua."

Siku ya majaribio vijana walipanda kilima na mizigo ya mahindi. Dada alifika wa kwanza. Kaka yetu alifika nyuma kabisa, mate yanamtoka. Baba akamchukua kaka.

"Baba, si uliniahidi?"

"Machela ni ya wanaume. Wewe si ulikuwa unambembeleza mdogo wako tu?"

Watu wakacheka. Nikamrukia dada mgongoni turudi nyumbani. Akanishusha polepole.

"Una miguu," akaniambia.