Kimya Alichokitafuta Mohinder Kaur

Alfajiri ile Mohinder Kaur alikuwa ameshaoga maji baridi, na baridi ya Eldoret mwezi wa Julai si ya mchezo. Alijifunika mtandio mweupe kichwani, akatandika zulia dogo sebuleni, akakunja miguu ambayo siku hizi ilikuwa inakataa kukunjika. Akafumba macho. *Waheguru*, akasema polepole akivuta pumzi. *Waheguru*, akasema tena akiitoa. Ndilo jina la Mungu kwa watu wa dini yake ya Sikh, na kulirudia hivyo mpaka mawazo yaache kurukaruka ndiyo njia ya kumtafuta aliyofundishwa tangu utotoni.

Hakufika mbali.

"Lori imefika?" sauti iliita kutoka chumbani.

Mohinder alibana macho. *Waheguru*.

"We Mohinder! Lori imefika? Vibarua wako wapi?"

Aliyeita ni mumewe, Darshan Singh Matharu. Kwa miaka mingi Darshan alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao kule Timboroa, pembeni mwa msitu. Kiwanda kilishafungwa, mashine zikauzwa kama vyuma kuukuu. Kisha akili yake nayo ikaanza kumtoka kidogo kidogo: kwanza majina ya wajukuu, halafu njia ya kutoka dukani mpaka nyumbani, mpaka kikabaki kiwanda tu na magogo yake. Kila alfajiri aliamka akilisubiri lori. Alipolitaja lori, alisema Kiswahili, kama alivyozoea kusema na vibarua wake.

Mohinder alikuwa amepita miaka sabini. Tangu alipoolewa alikuwa anajiahidi kuketi na Mungu wake kama alivyoketi mama yake mzazi, bila haraka, mpaka jua litoke. Ila watoto walikuwa wadogo. Halafu kukawa na chakula cha wafanyakazi wa kiwanda, halafu mama mkwe akaugua. Watoto walipohamia Kanada alidhani wakati wake umefika. Basi ndipo Darshan akaanza kupotea.

"Mohinder! Nitaenda mwenyewe!"

Kitanda kililia. Akasikia nyayo, kisha kitu kikaanguka kwa kishindo. Mohinder aliinuka kwa shida, akaenda mpaka mlangoni pa chumba, akamkuta mumewe amesimama pajama zimelowa, mguu mmoja ndani ya kiatu, meza ya dawa imepinduka. Akapiga kelele ambayo hakujua kama anayo.

"Hakuna lori! Hakuna kiwanda! Nyamaza, Darshan! Nyamaza nimtafute Mungu!"

Mzee aliinama akalia kama mtoto aliyechapwa.

Selpha, msaidizi wa nyumba, alikuwa ndio kwanza anaingia kwa mlango wa jikoni. Alisikia yote. Alimshika mzee mkono, akampeleka bafuni, na maji yakasikika yakimwagika. Aliporudi alimkuta Mohinder bado amesimama pale pale.

"Mama, umechoka," Selpha alisema.

"Nimemfokea, Selpha. Mtu mgonjwa."

"Ni kwa sababu umechoka. Si yule shemeji yako wa Nakuru alisema anaweza kukaa na mzee? Mwache amchukue hata wiki moja. Mimi nitafua, wewe uombe."

Mohinder alikataa siku hiyo. Kesho yake akampigia shemeji simu.

Gari lilipoondoka na Darshan, nyumba ilinyamaza mpaka akasikia friji ikinguruma. Alfajiri ya kwanza alioga, akaketi, akafumba macho, akaanza kulitaja Jina. Alipofumbua macho jua lilikuwa limejaa mapazia, paji la uso wake liko kwenye zulia, na mate yamemtoka. Alikuwa amelala. Alfajiri ya pili ikawa vile vile. Mchana akalala tena kwenye kochi, na usiku akalala kama gogo.

Siku iliyofuata akachukua bodaboda mpaka gurdwara, nyumba yao ya ibada pale mjini. Aliona aibu ya watu itamweka macho. Alivua viatu, akainama mbele ya Kitabu kitakatifu, akaketi karibu na ukuta upande wa wanawake. Bhai Amrik, kijana aliyeletwa kutoka Punjab kuongoza ibada, alikuwa anasoma kwa sauti laini. Mohinder alishika maneno machache tu. Aliposhtuka ukumbi ulikuwa mtupu, na mtu alikuwa amemfunika shali.

Bhai Amrik alikuwa anakunja vitambaa mbele.

"Mataji, umeamka," akasema, akimwita mama kwa lugha yao. "Chai iko jikoni."

"Nisamehe. Nimekuja kwa Mungu nikalala."

"Hata mimi husinzia. Jaribu kufuata pumzi, Mataji. Ukiona usingizi unakuja, rudi kwenye pumzi."

Alimshukuru. Lakini alipokuwa akinywa chai alijiambia moyoni kwamba kijana huyu ana pumzi za kufuata kwa sababu hakuna mtu anayemwita kutoka chumba cha pili. Halafu akajilaumu kwa kufikiri hivyo.

Jioni walikuwa jikoni yeye na Selpha, wakichambua sukuma wiki. Selpha alikuwa na swali lake.

"Mama, hilo jina unaita kila siku, linaitikiwa?"

"Haliitikiwi. Naliita ili mimi ninyamaze. Tunafundishwa Mungu hayuko mbali, yuko ndani. Ni sisi tuna kelele."

Selpha alicheka. "Kwetu kanisani ni sisi tunampigia kelele mpaka asikie."

"Na anasikia?"

"Siku zingine." Alikata majani kwa muda. "Mama yangu alipokuwa mgonjwa kwetu kule kando ya ziwa, nilikuwa nashindwa hata kusema Baba Yetu. Naanza, nafika katikati, nasahau. Nilikuwa namwosha tu, nanyamaza."

Mohinder alitaka kumwuliza zaidi, lakini simu ililia. Ni shemeji kutoka Nakuru.

"Bhabi, hali si nzuri," alisema, akimwita kwa heshima ya mke wa kaka. "Kaka hali chakula. Anashinda kwa geti. Jana alitoka, tukamkuta barabarani anasimamisha malori. Kesho namrudisha."

Mohinder alikata simu. Moyo wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulitulia kwa sababu mumewe anarudi, na ukawa mzito kwa sababu hiyo hiyo. Wiki yenyewe haikuwa hata imeisha. Mungu alimpa kimya, naye akakilalia chote.

Kesho yake gari liliingia getini. Darshan alishuka amekonda, kilemba kimefungwa ovyo na mikono isiyozoea. Alimtazama mkewe kwa muda.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mohinder."

"Lori imefika?"

Midomo yake ilifunguka kumwambia tena kwamba hakuna lori. Kisha akaona vile mzee anavyogeuka kulitazama geti.

"Imefika," akasema. "Wanapakua. Ingia ule kwanza."

Darshan akaingia, akala.

Tangu siku hiyo Mohinder alihamishia zulia chumbani mwa mumewe. Miguu haikukubali, kwa hivyo akaacha zulia, akawa anaketi kwenye kiti karibu na kitanda. Hakuwa tena analitaja Jina kwa kunong'ona. Alilitaja kwa sauti. Darshan akiuliza kuhusu magogo, anamjibu, halafu anarudi kwenye Jina. Siku nyingi haikuwa ibada ya kusifiwa. Mara shuka ilowe, mara mzee agombane na kibarua aliyefariki zamani. Mara nyingine Mohinder alisinzia, Darshan akamwamsha kwa kumvuta mtandio. Hasira nayo haikuisha. Kuna alfajiri aliyotoka nje akasimama uani, akikunja na kukunjua vidole mpaka ikapoa.

Ila kulikuwa na asubuhi moja ya mvua nyepesi. Darshan alikuwa macho, ametulia, na mkono wake ulikuwa juu ya goti la mkewe. Mohinder alikuwa analitaja Jina bila nguvu yoyote, amechoka hata kutamani kitu, na kwa muda mfupi hakukuwa na mtu anayetaja wala jina linalotajwa. Kulikuwa na utulivu tu, wenye upana, kama mtu amefungua dirisha. Ukapita. Alijiuliza kama ulikuwa usingizi. Lakini macho yake yalikuwa wazi.

Hakumwambia Bhai Amrik, wala watoto wake Kanada. Selpha alimkuta bado ameketi.

"Mama, leo uliomba vizuri?"

"Sijui," Mohinder alisema. "Nishike mkono niinuke. Uji wa mzee umeshachemka?"