Bugali juu ya motere ya masere

Kule Nyalukemba, kwa bamasere, bale bamama ba utawa, kuko kamutuka kamoja ka bateri, kale bazungu banachezeaka golf. Kalifika Bukavu namna gani, Mungu pekee anajua. Golf huku kwetu utaichezea wapi? Kapira kakianguka, kanaviringika mpaka mu ziwa.

Kamutuka kenyewe kalikuwa ka masere mumoja muzee. Magoti yake ilikuwa imeshachoka, na kanisa iko chini ya mulima, njia imesimama sawa ngazi. Ile yenga, bengine banasema jumapili, alikuwa anatimiza miaka makumi tano mu utawa, misa yake njo ilikuwa inangojewa. Siku ya posho, mbele ya yenga, asubui, bananiita mie fundi: kamutuka kanalia, hakatembei.

Nilikajua kwa sikio tu. Motere inazunguka, mapine inalala. Katikati yabo kuko kichuma sawa bomba fupi, iko na meno ndani; tunaiitaka manchon. Ile meno ilikuwa imekwisha, laini sawa kinywa ya mutoto wa siku mbili. Ingine nilikuwa nayo, niliitosha, niliingoa ku kamutuka ka hoteli kalikokufa.

Kushusha motere, mara moja. Kutosha ile manchon ya zamani ku fimbo ya motere, ndugu zangu! Mvua ya Bukavu ilileta kutu, na kutu ilibafungisha ndoa, na kwa bamasere ndoa haivunjikake. Nikamwaga petroli. Nikafunga arrache, ile chombo ya miguu mbili yenye kuvuta, nikakaza mpaka batu ba Muhumba, pale jirani, bakatoka mu manyumba, bakifikiri udongo inatetemeka. Hapana kitu.

Masere muzee alikuwa amekaa ku kiti, rozari mu mukono, ananiangalia.

— Papa fundi, unatengeneza ao unagombana nayo?

— Masere, kesho bakubebe tu. Bapapa ba kwaya beko na nguvu.

— Bakubebe weye! Miaka makumi tano namutumikia Mungu, halafu nifike mbele yake sawa gunia ya makala? Naendesha mwenyewe, ao nabakia hapa.

Ile chuma ilihitaji joto ili ipanuke. Lakini moto ya chalumeau, ile ya kuunganisha chuma, ingeunguza kaushu, ule mupira yenye kuzuia vumbi ndani ya motere, na maji ya moto ingeingia mu waya. Nilitaka moto bila moto, maji bila maji. Njo masere wa jikoni akatokea na sufuria. Bugali ya mihogo! Ile ya kwao, ukimeza haraka inakuchoma mpaka ku kisigino.

— Masere, unipatie ngumi mbili ya bugali.

— Njaa imekukamata tayari?

— Ni ya motere.

Akaniangalia sawa mutu wa kupelekwa kwa padri. Muzee akapiga kelele kule ku kiti:

— Mupatie yote! Leo tutafunga!

Nikaipakaza ku manchon, nene, nikafunika na jani ya mugomba, nikangoja. Ikipoa kidogo, naweka ingine, nakaza arrache kidogo. Mara ya tatu: paaa! Kama ukuta haikuwa pale, ile manchon ingeangukia Rwanda. Kuku ya jirani haijataga mpaka leo. Nikavalisha motere manchon ile ingine, nikairudisha.

Masere muzee hakucheka. Akauliza pole pole:

— Kwa hiyo kesho…?

— Kesho unaendesha.

Akafanya alama ya musalaba, halafu akageuka ku ukuta, akapanguza macho, eti ni vumbi.

Yenga, kwaya ilitangulia kumusindikiza, wimbo ya pole pole. Nilitembea pembeni, akanifukuza: «Papa fundi, toka mu njia!» Akapiga honi. Kwaya ikaimba ikikimbia, soprano imeshika viatu mu mukono. Padri alipotokea ku mulango wa kanisa, masere alikuwa ameshafika, angali ameshika volan, anamuuliza juu ya nini amechelewa.