Tazama Mbele ya Sauti

Mimi si mtu wa kuongea. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali huwa nalijibu dawati. Kwa hiyo kumwomba mlinzi wa lile ghorofa la Kariakoo aniruhusu nipande juu kulinichukua muda kuliko kuzipanda ngazi zenyewe.

Nilikwenda kwa ajili ya babu. Ujana wake wote alikuwa fundi wa ndege za jeshi. Sasa anaishi nasi Ilala, na presha ya macho inamla taratibu. Anasema anaiona dunia kama anachungulia kwenye bomba, na kila mwezi bomba linazidi kuwa jembamba. Tuliposikia ndege za kivita zitapita juu ya mji kufanyia mazoezi sherehe, aliniita. Kwa macho yale asingeweza kuzifukuzia angani. Kwenye picha angalau zingetulia.

"Mjukuu wangu, nipigie picha niione japo moja tena. Ila usifuate sauti. Ukiisikia juu ya kichwa chako, ndege yenyewe imeshafika Magogoni. Tazama mbele ya sauti."

"Shikamoo," nilimwambia mlinzi.

"Marahaba. Unafuata nini juu?"

"Picha. Ya ndege."

"Haya. Usije ukaanua nguo za watu."

Juu, kati ya matenki ya maji na mashuka yaliyoanikwa, walikuwapo vijana wa madukani. Mngurumo ukapasuka kutoka Jangwani. Nikasahau kila nilichoambiwa, nikaelekeza simu kulekule kwenye sauti. Nikapata wingu.

Kijana mmoja akachungulia kioo changu. "Ah, dada! Hiyo mpelekee mchungaji wenu, umepiga picha mbinguni!"

Wakacheka wote. Miguu ilitaka kushuka. Nikakumbuka lile bomba la babu, nikabaki, uso unawaka.

"Zinarudi, hizo zinazunguka tu," mwingine akasema.

Safari hii sikusubiri kusikia. Nilielekeza simu mapema, chini kabisa ya anga, upande wa Jangwani. Zikatokea nukta tatu, kimya, zinakua. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Ndipo sauti ikafika, ikanipiga kifuani. Chini sokoni hata kipaza sauti cha kunadi viatu kilinyamaza.

Nilifika nyumbani nikihema. "Babu, zote tatu zimo!"

Nikaikuza picha, nikampa. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza hadi karibu na jicho, akaihamisha kushoto, akairudisha kulia, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo. Alitafuta muda mrefu mpaka mwanga wa simu ukazima wenyewe. Yeye akaendelea kuitazama.

"Naziona," akasema. "Tatu. Zimenyooka vizuri. Marubani hawa wamefundishwa."

Kioo kilikuwa cheusi. Kilichokuwamo ni uso wake tu. Kidole changu kilienda kukiwasha, nikakirudisha.

"Ndiyo, babu."

Simu ilibaki palepale jichoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa nieleze. Zilikujaje?"

Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Nikaanza na nukta, zilivyokuwa kimya kwanza. Nikaendelea hadi mama akatuita kula, na babu akamwambia, "Subiri, bado hazijapita."